Sindano ya Mwendo Ikidanganya: Namna ya Kutafuta Hitilafu Kwenye Ndege Ndogo

Hangani kwetu karibu na ziwa, malalamiko ya geji ya mwendo huja kwa misimu, kama maembe. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, sindano zinacheza. Kiangazi kikiingia, ndege zikalala nje siku mbili tatu bila bomba la kupimia mwendo kuvishwa kofia yake, sindano zinakufa kabisa.

Mwaka fulani kijana mwanafunzi wa urubani alikuja amevua kofia yake ya kichwani, ameishika mkononi. "Mzee, hii geji imekufa. Naomba tuagize nyingine."

"Altimeta ilikuwa inasema nini?" nikamuuliza, yaani geji ya kimo.

"Sikuangalia, Mzee."

"Na ile ya kupanda na kushuka?"

Akanyamaza. Sikumlaumu, kwa sababu hata mafundi wa miaka mingi hukimbilia kufungua geji inayolalamikiwa. Lakini geji yenyewe ndiyo ninayoifikia mwisho. Tatizo huwa kwenye bomba, kwenye tundu, au kichwani mwa anayesoma, na ndege nyingi zimevunjwa dashibodi bure kabla mtu hajainama kuchungulia chini ya bawa.

Huu ndio mpangilio ninaoufuata. Nimeuandikia mwanafunzi, rubani mwenye ndege yake na fundi anayeanza. Kutafuta hitilafu ni ruhusa ya kila mwenye macho. Kufungua mabomba na kutia sahihi kwamba ndege iruke ni kazi ya injinia mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala sipunguzi neno hapo.

Kwanza, kama uko ndani ya ndege

Ukifungua throto, mkono wa nguvu ya injini, kuondoka, tazama sindano mapema. Kwenye Cessna 172 inapaswa kuanza kunyanyuka mwendo ukikaribia noti 40 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Ikiwa injini inanguruma vizuri, ndege inakimbia, na sindano bado imelala, rudisha throto, kanyaga breki taratibu, uwaambie mnara. Entebbe njia kubwa ya kurukia ina mita 3,658, kwa hiyo kusimama si aibu wala si hatari. Kwenye kiwanja cha changarawe mbugani hupewi nafasi hiyo, ndiyo maana kabla ya kuondoka mimi huwaambia vijana wachague alama: mti, kichuguu, chochote cha kudumu. Ukifika pale sindano haijaamka, safari imekwisha.

Hitilafu ikikukuta tayari uko juu, achana na sindano. Weka pua pale unapoiweka siku zote, weka nguvu ya injini ile ile ya siku zote, na ndege itaenda mwendo wa siku zote. Haijui kwamba geji imekufa. Washa hita ya pitoti, lile bomba linalomeza upepo wa mbele. Fungua tundu la akiba la statiki, yaani la hewa iliyotulia, kama lipo. Honi ya stoli ya Cessna 172, inayolia bawa likikaribia kushindwa kubeba ndege, ina tundu lake lenyewe kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, haitegemei pitoti kabisa, kwa hiyo isikilize na uiamini. Waambie wanaokuongoza, kisha tafuta njia ndefu ya kutua, ukiongeza mwendo kidogo kuliko kawaida.

Namba za pua na nguvu hazijifunzwi siku ya balaa. Siku ya hali nzuri, panda na mwalimu, aifunike geji kwa kipande cha karatasi, nawe uandike kwenye kadi: kupanda ni mizunguko mingapi ya injini na pua wapi, kwenda sawa ni mingapi, kushuka kutua ni mingapi kwa kila hatua ya flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Kadi hiyo iwe ya ndege yako, si ya jirani.

Kinachopimwa ni nini hasa

Bomba la pitoti linatazama mbele na kumeza upepo. Tundu la statiki liko ubavuni, linasikia hewa iliyotulia. Geji ya mwendo inapima tofauti ya shinikizo kati ya hivyo viwili. Altimeta na geji ya kupanda na kushuka zinatumia statiki peke yake. Ukishika hilo, umeshika theluthi mbili za kazi, kwa sababu geji tatu zinashiriki mabomba, na ugonjwa wa bomba moja hauwezi kujificha kwa geji moja tu kama ni wa statiki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni udogo wa shinikizo lenyewe. Kwenye noti 60, tofauti yote inayosukuma sindano ni sawa na maji yenye kimo cha milimita 60 hivi. Noti 80 ni milimita 106. Noti 100 ni milimita 165, na noti 120 ni 238. Yaani ndege inayokwenda kasi kuliko basi lolote la barabara ya Gulu, geji yake inasukumwa na nguvu ambayo mtoto anaipata akipuliza mrija wa soda. Ndiyo maana uwazi mdogo kama nywele unatosha kuiharibu hesabu, na ndiyo maana mtu akipuliza pitoti kwa mdomo "kujaribu kama inafanya kazi" anaweza kuipasua geji iliyokuwa nzima. Usipulize. Nimeona yakitokea, na aliyepuliza alikuwa mtu mzima.

Hakikisha kweli inakosea

Kabla ya kushika bisibisi, ondoa makosa ya bure.

La kwanza ni vipimo. Cessna za zamani, za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyingi zina namba kubwa za maili kwa saa, na noti zimeandikwa kwa wino mdogo ndani. Maili 60 kwa saa ni noti 52 tu. Mwanafunzi aliyezoea ndege mpya akihamia kwenye mzee kama huyo atakuambia geji inasoma zaidi. Geji haina kosa.

La pili ni mwinuko wetu. Uganda yote iko juu. Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 27 hewa yake ni nyembamba kama ya futi zaidi ya 6,000. Ukikaribia kutua na sindano kwenye noti 60, ndege inakata hewa kwa noti karibu 66. Ukiwa safarini futi 7,500 siku ya nyuzi 17 huko juu, noti 100 za geji ni noti karibu 115 za kweli. Rubani aliyejifunzia pwani akija huku analalamika kwamba GPS na geji hazielewani, na kwamba njia inamkimbia chini ya magurudumu. Zote zinasema kweli. Namba ya kufuata kwenye kutua inabaki ile ile ya geji, kwa sababu bawa linaona shinikizo lile lile inaloliona geji. Njia tu ndiyo inayohitaji kuwa ndefu.

La tatu ni upepo. GPS inapima mwendo juu ya ardhi. Ukitaka kuitumia kuikagua geji, chagua asubuhi tulivu, shika kimo kimoja na nguvu moja, uende kaskazini dakika mbili, mashariki dakika mbili, kusini, kisha magharibi. Andika mwendo wa GPS kila upande, jumlisha, gawa kwa nne. Upepo unakuwa umejifuta kwa kiasi cha kutosha, unabaki na mwendo wa kweli hewani. Ugeuze uwe wa geji kwa kutumia kimo na joto la nje, ulinganishe. Tofauti ya noti mbili tatu haina maneno. Ya noti kumi ina maneno.

Na usisahau jedwali la makosa ya mahali lililo kwenye kitabu cha ndege. Pua ikiwa juu, mwendo mdogo, flapsi zimeshuka, upepo hauingii pitoti ukiwa umenyooka, na geji inapotoka kwa noti kadhaa hata kama imetoka kiwandani jana. Kama jedwali linakubaliana na malalamiko, funga kitabu, ukanywe chai.

Uliza geji tatu

Sasa muulize rubani yale niliyomuuliza yule kijana. Kama hakumbuki, arudi na mwalimu siku nyingine atazame, au ufanye kazi kwa kubahatisha.

Sindano ya mwendo imeshuka hadi sifuri na kubaki huko, altimeta na geji ya kupanda ziko sawa: mdomo wa pitoti umezibwa, lakini kitundu cha kutolea maji nyuma yake kiko wazi, hewa imetoroka.

Sindano haibadiliki ukiongeza au kupunguza nguvu kwenye kimo kimoja, lakini ukipanda inapanda na ukishuka inashuka: mdomo na kitundu vyote vimezibwa. Geji ya mwendo imegeuka altimeta. Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na nitakuonyesha kwa namba. Chukua pitoti iliyozibwa kabisa tangu asubuhi. Kwenye njia ya kurukia sindano inalala sifuri. Rubani anasema "itaamka tu", anaondoka. Kuondokea Entebbe, futi 250 juu ya ardhi, hewa ya nje imepungua kiasi cha kuifanya sindano isome karibu noti 68. Mwendo mzuri kabisa wa kupanda! Rubani anashusha pumzi: imezinduka. Futi 500 inasoma 97. Anaona anakimbia mno, anavuta pua juu. Anapanda zaidi, sindano inapanda zaidi, anavuta zaidi. Mwendo wa kweli unakufa huku geji ikimwambia apunguze.

Tarehe 6 Februari 1996 ndege kubwa, Boeing 757 ya Birgenair, iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Nahodha aliona kwenye njia kwamba geji yake haifanyi kazi, akaendelea. Ilipopanda, ikaonekana imepona. Ilianguka baharini, wakafa watu wote 189. Pitoti hazikupatikana kamwe, lakini wachunguzi walishuku zaidi kiota cha mdudu.

Altimeta imeganda, geji ya kupanda iko sifuri, na mwendo unashuka kadiri unavyopanda: statiki imezibwa. Huku kwetu ukipanda kwa noti 75, futi 300 tu zinatosha kuipeleka sindano karibu na sifuri. Ukishuka chini ya kimo ilipozibikia, inasoma zaidi ya kweli, nayo ni hatari ya kimya kwa anayekuja kutua. Mwaka huo huo wa 1996, Oktoba 2, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima usiku ikiwa na utepe wa gundi juu ya matundu ya statiki, uliosahaulika baada ya kuoshwa. Wakafa 70.

Sindano inasoma pungufu kidogo siku zote, nyingine ziko sawa: bomba la pitoti linavuja. Inasoma zaidi kidogo, na altimeta nayo imezidi kidogo: statiki inavuja ndani ya kebini, au mtu aliacha tundu la akiba wazi. Hewa ya kebini huwa nyembamba kidogo kuliko ya nje ndege ikiwa mwendoni, ndiyo sababu.

Sindano inarukaruka, hasa baada ya mvua au kuoshwa: maji.

Na kama imekwenda kinyume, yaani inajikaza chini ya sifuri unapoongeza mwendo, mtu alifanya kazi nyuma ya dashibodi juzi akabadilishana mabomba. Hiyo haihitaji uchunguzi, inahitaji kumwita aliyefanya.

Inama chini ya bawa

Vitabu vya Ulaya huanza na barafu. Huku barafu iko kileleni Rwenzori, mita 5,109, na ndege ndogo haina shughuli huko. Adui yetu ana mabawa manne na kiuno chembamba: dondora, nyigu anayejenga kwa udongo.

Kajjansi, njiani kati ya Kampala na Entebbe, ni mahali pa udongo. Vigae na matofali mengi ya nchi hii yamechomwa pale. Dondora walilijua hilo kabla ya mwenye tanuri. Dondora jike akipata tundu la upana wa penseli, lenye kivuli, lisilo na mwenyewe, analihesabu ni nyumba, na pitoti ni tundu hilo hilo. Analeta udongo mbichi kidonge kwa kidonge, anaukandika kwa taya, na saa chache zinamtosha.

Kwa hiyo: tochi. Chuchumaa mbele ya pitoti, mulika ndani. Unapaswa kuona mwanga ukiingia kwenye giza safi. Ukiona rangi ya kahawia iliyokauka, umempata. Kisha tafuta kitundu cha kutolea maji, chini ya bomba au nyuma yake, kidogo kama ncha ya kalamu. Kioo cha mkononi kinasaidia. Kwenye Cessna 172 pitoti iko chini ya bawa la kushoto na statiki iko ubavuni kushoto, mbele ya mlango. Kwenye Piper PA-28 vyote viwili vimo kwenye kile kipande bapa chini ya bawa la kushoto. Usiishike kabla ya kuuliza kama hita iliwashwa. Inaunguza kama pasi.

Usichokoe na waya. Ndicho kitu cha kwanza kila mtu anachotaka kufanya, na ndicho kinachousukuma udongo hadi kwenye kona ambayo hutaufikia tena bila kuvua bawa. Pitoti inavuliwa kwa skrubu chache, bomba linachomolewa, waya wa hita unachomolewa. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, isafishe kwa brashi laini ya plastiki, isuuze, ikauke.

Ile ya kijana wetu niliigonga taratibu juu ya meza, mara tatu, mdomo ukitazama chini. Kwanza likatoka vumbi. Halafu kidonge cha udongo, cha duara safi kama kifuniko cha chupa ya dawa. Nyuma yake wakadondoka buibui watano wadogo, laini bado, miguu imekunjwa. Hawakuwa wamekufa: dondora huwadunga wakapooza, awawekee wanawe chakula kisichooza. Kijana aliinama akawatazama muda mrefu. Mmoja alisogeza mguu.

"Ndege ilikaa nje tangu lini?"

"Ijumaa, Mzee."

Ilikuwa Jumatatu. Kofia ya pitoti ilikuwa mfukoni nyuma ya kiti, imekunjwa vizuri, utepe mwekundu na yote.

Jirani wa dondora ni sami, wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi juu ya maji. Ukipita katikati ya wingu lao kioo kinakuwa supu. Hawajengi, lakini wanajibandika mdomoni mwa pitoti na kwenye matundu ya statiki. Umetua ukiwa na kioo kichafu? Futa pitoti siku hiyo hiyo, kabla hawajakauka.

Statiki: tundu dogo, dhambi nyingi

Tazama matundu kwa jicho na ukucha. Nta ya kung'arishia, rangi iliyopuliziwa bila uangalifu, mafuta na vumbi, selotepu ya mwoshaji. Mwoshaji akielekeza maji ya presha moja kwa moja kwenye tundu, ameyatuma hadi kwenye altimeta. Mwambie aoshe kwa kitambaa eneo hilo, na kama lazima azibe, atumie utepe wa rangi kali unaoning'inia, si wa uwazi.

Ubavu unaozunguka tundu uwe tambarare pia. Kiraka kilichobenjuka au rangi iliyovimba mbele yake inavuruga upepo na kuleta kosa ambalo hakuna bomba litakalolieleza.

Tundu la akiba la statiki lijaribiwe ndege ikiwa hewani na hali nzuri: ukilifungua, mwendo na altimeta viongezeke kidogo, geji ya kupanda iruke kisha itulie. Ikiwa hakuna kilichobadilika hata chembe, valvu imekwama. Ikiwa ulikuwa na dalili za statiki iliyozibwa na zikapona ulipoifungua, umeshapata jibu bila kushuka. Ndege isiyo na tundu la akiba, rubani aliyebanwa huvunja kioo cha geji ya kupanda na kushuka ili hewa ya kebini iingie. Geji hiyo inakufa, nyingine mbili zinapona. Ni ya siku mbaya hasa.

Maji

PA-28 ina vitufe vya kumwagia maji ya mabomba haya, chini kushoto ndani ya kebini. Wengi wamerusha ndege hiyo miaka bila kuvibonyeza. Vibonyeze wakati wa ukaguzi wa asubuhi, hasa ndege ikilala nje kwenye mvua.

Ndege isiyo na vitufe inahitaji injinia. Chomoa bomba nyuma ya geji ya mwendo. Hii ni lazima, na kwa statiki chomoa geji zote tatu. Puliza hewa kavu, ya presha ndogo, kutoka upande wa geji kwenda nje kwenye pitoti. Ukipuliza upande mwingine unazisindikiza taka kwenye geji, na ukipuliza bila kuchomoa umenunua geji mpya. Mtu akae chini ya bawa na kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba ili uone kilichotoka.

Kuvuja: mpira wa dripu na rula ya shule

Kama mdomo ni safi, maji hakuna, na sindano bado inasoma pungufu, tafuta kuvuja. Kifaa cha maabara ni ghali, lakini kwa kutafuta tu, kile cha bei ya soda kinatosha. Nenda duka la dawa, nunua mpira wa dripu ulio wazi, mita mbili na zaidi. Upinde uwe kama herufi U kwenye ubao, tia maji yenye rangi kidogo hadi nusu, pigilia rula katikati.

Ziba kitundu cha kutolea maji cha pitoti kwa utepe wa rangi kali. Unganisha mkono mmoja wa mpira na mdomo wa pitoti kwa kipande cha mpira laini kinachobana bila kulazimishwa. Ubao uwe chini sana ya bawa, maji yasije yakaingia bombani. Sasa inua mkono ulio wazi polepole, sentimita kwa sentimita, mwenzako akiwa ndani anasoma kwa sauti.

Tofauti ya kimo cha maji kati ya mikono miwili ikifika milimita 60, geji iseme noti 60 hivi. Kwa 106 iseme 80. Kwa 165, iseme 100. Hapo unakagua mambo mawili kwa mkupuo: kama geji inasoma sawa, na kama inashika. Acha dakika nzima. Maji yakibaki, bomba liko sawa. Yakirudi taratibu, linavuja, na kasi ya kurudi inakuambia ukubwa wa tundu. Mwongozo wa kazi wa Marekani, ambao mafundi wengi wa Cessna na Piper huufuata, unapandisha hadi noti 150, kama milimita 378 za maji, na unakubali kupungua si zaidi ya noti 10 kwa dakika.

Likivuja, gawanya njia. Chomoa bomba kwenye unganisho la shina la bawa, ziba, jaribu upande wa bawa peke yake. Limeshika? Basi kosa liko ndani ya kebini. Mara nyingi nimelikuta pale pale: kipande cha mpira nyuma ya dashibodi, kimekaushwa na jua miaka kumi na tano, kimepasuka chini ya kibanio mahali jicho halifiki. Ukipinda kwa vidole kinacheka, yaani kinaonyesha meno. Badilisha vyote vya umri ule, si kile kimoja tu. Ndugu zake watafuata.

Ukimaliza, shusha mkono polepole kama ulivyopandisha. Kuchomoa ghafla kunaipiga sindano. Na utepe wa rangi kali utoke. Uhesabu: ulibandika mangapi, yametoka mangapi.

Statiki inavutwa badala ya kusukumwa, na hapo mpira wa dripu simshauri mtu. Ukivuta kidogo kupita kiasi, geji ya kupanda na kushuka inakwenda. Mwachie injinia na kifaa chake. Kipimo cha Marekani kwa ndege isiyo na presha ndani ni kupandisha altimeta futi 1,000 juu, na isirudi zaidi ya futi 100 kwa dakika.

Geji yenyewe

Umefika hapa, mabomba yanashika, midomo ni safi, na rula inasema 165 huku geji ikisema 85? Sasa ndiyo yenyewe. Gonga kioo kwa ukucha: sindano ikiruka, inakwama ndani. Tazama kama inarudi mahali pake ndege ikiwa imesimama. Isifunguliwe hangani. Inakwenda karakana ya vyombo yenye kibali, inarudi na cheti, na mabomba yakifungwa tena kipimo cha kuvuja kinarudiwa, kwa sababu sasa umegusa maunganisho yaliyokuwa mazima.

Kurudisha ndege kazini

Safari ya kwanza iwe mchana, upepo mdogo, bila abiria, karibu na uwanja. Sindano iamke mapema kwenye njia. Juu, fanya zile pande nne za GPS kama kosa lilikuwa la kiasi.

Kisha kitabu cha ndege. Nimerithi ndege zenye maneno haya: "Geji ya mwendo mbovu. Imetengenezwa." Fundi anayefuata hajui kama kilikuwa kidudu, maji au mpira. Kwa ile ya kijana, niliyoyaandika yalikuwa haya, injinia akatia sahihi chini yake: "Mwendo sifuri wakati wa kuondoka, altimeta na kupanda sawa. Mdomo wa pitoti umezibwa na kiota cha dondora. Pitoti imevuliwa, imesafishwa, bomba limepulizwa kutoka kwenye geji, hakuna taka zaidi. Kuvuja kumepimwa, kunashika. Hita imejaribiwa, inafanya kazi. Ndege ilikaa nje siku tatu bila kofia." Kijana alisoma mstari wa mwisho mara mbili, akaenda kuitoa kofia mfukoni mwa kiti, akaifunga ile kamba ya utepe kwenye ufunguo wa injini.